Gauni Lisomwe Kuanzia Kwapani

Mgeni rasmi, waandaaji wa maonyesho haya, mama zangu, dada zangu, wanangu mliokuja na walimu wenu, na nyinyi akina baba mliojikusanya kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mko tayari kutoroka: nawasalimu nyote. Niliombwa nizungumzie nguo za wanawake na habari zilizomo ndani yake. Mimi si profesa wa historia. Ni fundi cherehani. Kazi yangu imenikalisha muda mwingi upande wa ndani wa nguo, ambao hata mwenye nguo haugeuzi isipokuwa anapofua. Basi nitazungumza nikiwa huko huko ndani.

Mwaka 1913, mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alichimba makaburi ya Tarkhan, kusini mwa Cairo, nchini Misri. Miongoni mwa alivyovitoa kulikuwa na furushi la vitambaa vilivyojaa udongo. Vikasafirishwa mpaka London, vikawekwa, vikasahauliwa. Ilipofika 1977 vilipelekwa kwa wataalamu wa Makumbusho ya Victoria and Albert ili visafishwe, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba ndani ya lile rundo mlikuwa na vazi: gauni la kitani lenye mikono mirefu, shingo ya V na marinda membamba yaliyobanwa mabegani na mikononi. Lilipopimwa kwa njia ya kaboni, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha lilifumwa kati ya mwaka 3482 na 3102 K.K. Linatunzwa hadi leo katika Makumbusho ya Petrie, London.

Sisi mafundi tukiona picha ya gauni lile macho hukimbilia marinda, maana kuyabana membamba vile kwa mkono ni kazi ya kutoa jasho. Wanaolitunza wanaeleza jambo jingine, nalo limenigusa zaidi. Kiwikoni na kwapani pana mikunjo iliyozoea mahali pake, ile inayokuja kwa mtu kukunja mkono mara kwa mara. Tena lilikutwa limegeuka, ndani limekuwa nje, vile gauni linavyogeuka ukilivua kwa kulivuta juu ya kichwa. Mwenye gauni hilo, pengine msichana kwa jinsi lilivyo jembamba, hatumjui jina, wala wazazi, wala alikufa kwa nini. Ila namna alivyokunja mkono tunaijua.

Ndiyo maana nawaambia: mkitaka kumjua mwanamke kwa nguo yake, msianze na lesi wala shanga za kifuani. Anzeni kwapani. Nendeni kiwikoni, kwenye pindo, mahali nguo ilipochoka. Mapambo yanatuonyesha alivyotaka kuonekana siku ile. Alivyoishi siku nyingine zote kumeandikwa kwenye uchakavu, na uchakavu huo ndio tunaoutupa.

Hebu geukeni mtazame makabati ya ukumbi huu. Mengi yamejaa magauni ya harusi, mengine ya mahafali, machache ya sherehe za watoto. Siwalaumu mlioyaleta, ni mazuri na yametunzwa vizuri. Lakini gauni la harusi ni nguo iliyovaliwa kwa saa chache, na mvaaji akikatazwa kuinama, kukimbia na kula mchuzi. Vazi alilolivaa miaka mitano akipika, akibeba mtoto, akienda kazini, liko wapi? Lilikwisha. Liligeuka nepi, kisha kitambaa cha kupangusia meza, kisha dekio, kisha basi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na sisi kwenye nguo tumefanya hivyo hivyo.

Makumbusho makubwa nayo yana ugonjwa huo huo. Watu huingia humo wakatoka wakisema wanawake wa zamani walikuwa na viuno kama vya nyigu. Fundi anayajua mambo mengine. Gauni pana lina kitambaa cha kutosha, linafumuliwa na kushonewa mtu mwingine, kisha mtoto wake. Gauni dogo mno halimfai yeyote, kwa hiyo linabaki kabatini. Kinachobaki si lazima kiwe ndicho kilichovaliwa na wengi. Nawaomba mlikumbuke hilo kila mnapoambiwa "hivi ndivyo wanawake walivyovaa".

Kuna mahali pamoja ambapo nguo za akina mama wa kawaida zilihifadhiwa kwa maelfu, na sababu yake ni ya kuhuzunisha. Mwaka 1739, jijini London, nahodha wa zamani aliyeitwa Thomas Coram alipata hati ya kifalme ya kuanzisha nyumba ya kulelea watoto ambao mama zao walishindwa kuwatunza. Watoto wa kwanza walipokelewa 1741. Mtoto akiingia alipewa jina jipya na namba, na jina la mama halikuandikwa. Lakini wasimamizi walijiuliza: mama akirudi siku moja na kusema "nimemfuata mwanangu", tutajuaje ni wake? Wakaanza kutunza alama. Mara nyingi alama yenyewe ilikuwa kipande cha kitambaa kilichokatwa kwenye nguo za mtoto, na nguo za watoto wa maskini nazo zilikatwa kwenye magauni makuukuu ya mama zao. Kipande kilipigwa pini kwenye fomu, fomu ikafungwa kwenye kitabu.

Vimebaki vipande karibu 5,000. Hakuna mkusanyiko mwingine unaoufikia kwa vitambaa vya kila siku vya Waingereza wa karne ya 18: pamba zilizochapwa maua, kitani cha mistari, sufu, riboni. Hariri za mabibi wakubwa wa enzi ile tunazo kwenye picha za kuchorwa na kwenye makabati ya vioo. Gauni la mtumishi wa jikoni tunalo kwa sababu alilazimika kuachana na mtoto wake, na karani akawa na mkasi.

Mmoja wa akina mama hao aliitwa Sarah Bender. Mwezi Februari 1767 alimwacha mtoto wake wa kiume, na alama aliyoiacha ilikuwa kipande cha viraka vilivyoungwa pamoja, kikatariziwa moyo kwa uzi mwekundu. Moyo ule ulikatwa katikati. Nusu ikabaki kitabuni, nusu akaondoka nayo. Mwaka 1775 alirudi, akamchukua mwanawe.

Najua mioyo yenu imefurahi, nami ningependa niishie hapo. Lakini kati ya watoto 16,282 walioingia katika nyumba ile kuanzia 1741 hadi 1760, waliorudiwa na wazazi ni 152 tu. Wengi mno walikufia humo. Zile nusu nyingine za vitambaa, zilizokaa mifukoni mwa mama zao, hazikuwahi kurudi kuoanishwa na chochote.

Nimetaja mifuko, na hapo lazima nisimame kidogo, kwa sababu hakuna siku inayopita bila mteja kuniambia, "Fundi, usisahau kuniwekea mfuko." Madai haya ni ya zamani sana. Mwaka 1879 huko Huldremose, Denmark, wachimbaji walikuta mwili wa mwanamke kwenye kinamasi, ukiwa na nguo zake zote baada ya zaidi ya miaka elfu mbili. Alivaa sketi ya sufu yenye miraba, skafu, na majoho mawili ya ngozi. Joho la ndani lilikuwa limechakaa, lina viraka 22. Walipochunguza viraka wakakuta kimojawapo hakikuziba tundu lolote. Kilikuwa kimeshonwa kuhifadhi vitu: kitana cha mfupa, utepe mwembamba wa nywele na kamba ya ngozi. Ukiwa na haraka utahesabu viraka na kusema alikuwa maskini. Ukitulia utaona alikuwa na mahali pake pa siri.

Uingereza ya karne ya 18 na sehemu kubwa ya ile ya 19, mfuko wa mwanamke haukushonwa kwenye gauni. Ulikuwa kifuko kilichojitegemea, chembamba juu na kipana chini, kinafungwa kiunoni kwa utepe chini ya sketi, na mkono unakifikia kupitia mpasuo. Ndani humo alitia funguo, senti zake, barua, mkasi, kastabini. Kumbukeni kwamba kwa sheria ya nchi ile, kabla ya mabadiliko ya 1870 na 1882, mali ya mke ilikuwa mali ya mume. Nyumba si yake, mshahara si wake, kitanda si chake. Kifuko kile kilikuwa karibu eneo pekee alilolitawala, na wengine walilala nacho chini ya mto. Katikati ya muda huo, kuelekea mwaka 1800, yakaja magauni membamba yaliyogandama mwilini, hayakuacha nafasi ya kufichia kitu, na kimkoba cha mkononi kikaanza kushika kasi. Mimi sina ugomvi na mikoba. Ila mwanamke mwenye mfuko ana mikono miwili, na mwenye mkoba ana mmoja.

Turudi kwenye mishono. Nikifumua gauni la zamani ubavuni, mara nyingi naona safu ya matundu madogo ya sindano mahali pasipo na uzi tena. Huo ni mshono wa kwanza. Kando yake pana safu nyingine, wakati mwingine ya tatu. Gauni liliachiwa, likapunguzwa, likaachiwa tena. Mwili wa mwanamke haukai mahali pamoja: hunenepa, huzaa, hukonda kwa maradhi, hurudi. Mwenye gauni akiwa hai nitamuuliza, naye atanionyesha kwa kidole: hapa nilikuwa na mimba ya fulani, hapa nilitoka hospitali. Akiwa ameshakufa, wanawe hunitazama tu. Wakati mwingine jibu si zito kama tunavyodhani. Niliwahi kusimulia kwa hisia kali kuhusu safu tatu za matundu kwenye gauni moja, mpaka bibi mmoja akanikata: liliazimwa na dada zake wawili wanene, basi.

Wanawake wa Palestina wamefika mbali zaidi katika hili. Tarizi yao, ambayo mwaka 2021 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ilitofautiana kijiji hadi kijiji, kiasi kwamba mjuzi aliweza kutambua mwanamke ametoka wapi kwa kutazama kifua cha thobu yake, lile gauni refu. Hayo yamesemwa sana. Mimi yanayonivuta ni marekebisho. Zipo thobu zilizopasuliwa kifuani ili mama amnyonyeshe mtoto, na mpasuo ukashonwa tena mtoto alipoachishwa. Zipo zilizochovywa kwenye nili mwenyewe alipofiwa, tarizi nyekundu ikazama ndani ya buluu. Nguo iliendelea kufuliwa, rangi ya nili ikawa inapauka, na wekundu ukaanza kujitokeza taratibu. Matanga yakaisha kwa kasi ya kufua. Na katika miaka ya intifada ya kwanza, yale maasi ya Wapalestina dhidi ya utawala wa Israeli yaliyoanza 1987, kuonyesha bendera hadharani kulipokuwa hatari, wanawake waliitarizi vifuani mwao pamoja na ramani na jina la nchi yao, wakatoka nayo nje wakiwa wameivaa.

Najua wapo wanaongoja nifike kwenye kanga. Leo sifiki huko. Kanga imechapwa jina lake, inajisemea yenyewe na haihitaji wakili. Mimi natetea nguo zisizo na maneno, na zile ambazo maneno yake yalitiwa kwa taabu.

Katika hizo za mwisho, kuna jaketi moja ambalo nimelifikiria kuliko nguo nyingi nilizoshona mwenyewe. Agnes Richter, Mjerumani aliyezaliwa 1844, alikuwa mshonaji. Katika miaka ya 1890 alifungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akawa Hubertusburg huko Saxony. Hospitali iliwavalisha wagonjwa kitani cha kijivu kilichotiwa namba, ili nguo zisipotee kwenye dobi. Mnamo 1895 hivi, Agnes alichukua kitani hicho hicho akajishonea jaketi lenye kuukaa mwili wake. Kisha akaanza kulitarizi maneno. Alitumia nyuzi za rangi mbalimbali na mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani, mstari juu ya mstari, nje na ndani, mengine yakipanda juu ya mengine.

Wataalamu wamekaa juu ya jaketi lile miaka mingi na sehemu kubwa haijasomeka. Yanayosomeka ni vipande vipande: "mimi", "yangu", "jaketi langu", na namba 583, namba yake ya dobi, aliyoirudia tena na tena. Kwapani pana alama za jasho. Yaani hakulitengeneza liwe pambo la ukutani. Alilivaa. Maneno mengine yalikuwa yakigusa ngozi yake, na baadhi yamefifia kwa kusuguana nayo.

Watu humwita msanii, na jaketi liko Heidelberg katika mkusanyiko wa Prinzhorn, ambako hutunzwa kazi za sanaa za wagonjwa wa akili. Sibishani nao. Lakini mimi namwona mwenzangu wa kazi. Mshonaji ameondolewa jina, amepewa namba, amepewa kitambaa kibaya kinachofanana na cha kila mtu. Akatazama alichobakiziwa: sindano, uzi, na kipimo cha bega lake mwenyewe. Akaandika "mimi" kwa zana alizozijua. Namba yenyewe hakuifumua, aliitarizi, akaifanya iwe kazi ya mkono wake.

Sasa niwaambie kuhusu gauni ambalo halipo. Huko South Carolina, Marekani, enzi za utumwa, mama mmoja aliyeitwa Rose aliambiwa kwamba binti yake Ashley ameuzwa. Ashley alikuwa na miaka tisa. Rose akamfungia mfuko wa pamba, akatia humo gauni lililochakaa, konzi tatu za kokwa za pekani, na msuko wa nywele zake mwenyewe. Akamwambia kwamba mfuko ule utajaa upendo wake siku zote. Hawakuonana tena. Tunayajua haya kwa sababu mjukuu wa Ashley, Ruth Middleton, mwaka 1921 alikaa na sindano akayatarizi kwenye mfuko wenyewe, kwa mistari kumi, akamalizia na jina lake na mwaka. Mfuko ukapotea, mpaka ulipojitokeza mwaka 2007 kwenye gulio la vitu vikuukuu katika jimbo la Tennessee.

Kokwa zililiwa, bila shaka, na ndivyo ilivyopasa. Nywele hazipo. Gauni halipo pia, nami mara nyingi nafikiria hilo gauni kuliko mfuko. Lilikuwa la nani, la Rose au la mtoto? Rangi gani? Je, alilivaa mpaka likamwishia mwilini? Kama Ruth asingeshika sindano, mfuko ule ungekuwa gunia kuukuu tu lenye viraka, nalo gauni lisingekuwa limewahi kuwepo. Maneno mistari kumi. Ruth hakungoja mwanahistoria aje kumuuliza.

Hapa nataka nijibu swali ninaloulizwa sana karakanani. Mtu anakuja na gauni la marehemu mama yake, analikumbatia, anauliza: "Fundi, nilikate au nilihifadhi?" Wenzangu wa makumbusho watanikasirikia, lakini mimi sioni kukata kuwa ni kuua. Mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, Missouri Pettway alifiwa na mume wake. Akachukua nguo zake za kazi, suruali na mashati yaliyopauka kwa jua la shambani, akaziunga kuwa blanketi la viraka ili ajifunike nalo. Hapo kuna magoti ya mume, kuna vivuli vya mifuko iliyobanduliwa. Blanketi lile leo ni mali ya thamani, lakini yeye alilishona alale. Kwa hiyo jibu langu ni hili: ukilikata ulitumie, kata. Ukilikata ili vipande vikae kwenye fremu vikikusanya vumbi, afadhali ungeliacha gauni zima. Na kabla mkasi haujagusa chochote, piga picha, mbele na nyuma, na upande wa ndani.

Msikimbilie kufua. Nasema haya nikijua nitawaudhi wasafi. Doa ni habari. Sketi za mchoraji Frida Kahlo wa Meksiko, zilizofungiwa katika nyumba yake baada ya kifo chake mwaka 1954 na kufunguliwa 2004, zina rangi zilizodondoka na matundu ya sigara. Sketi zile ndefu zilificha mguu uliodhoofishwa na polio, na watu huishia kuzungumzia maua ya kichwani. Lile tundu la sigara linaniambia alikaa nazo akafanya kazi. Na kuna suti ya waridi aliyoivaa Jacqueline Kennedy, mke wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963, mume wake alipopigwa risasi akiwa pembeni yake. Waliomzunguka walimtaka abadilishe nguo, akakataa. Alisimama nayo ikiwa na damu wakati rais mpya akiapishwa ndani ya ndege. Haijawahi kufuliwa. Imehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani, na kwa makubaliano na familia haitaonyeshwa kwa umma kabla ya mwaka 2103. Sisi wote tuliomo humu hatutaiona, labda hawa watoto wa mstari wa mbele wakijaliwa umri mrefu sana.

Kabla sijamaliza kuna jambo la kuwekea mpaka, kwa sababu nimewahimiza kusoma nguo za wanawake, na wapo watakaotoka hapa wakifurahi kwamba wamepewa ruhusa. Hawajapewa. Wanawake wamesomwa nguo tangu zamani na watu wasiowauliza neno. Paris, mwaka 1800, polisi walitoa amri kwamba mwanamke anayetaka kuvaa kiume, yaani suruali, aombe kibali. Mwaka 1892 na 1909 ikalegezwa kwa aliyeshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Tamko rasmi kwamba amri ile haina nguvu lilitoka 2013! Na hadi leo mwanamke akidhulumiwa, swali la kwanza ni "ulikuwa umevaa nini?" Mwaka 2014, katika Chuo Kikuu cha Arkansas, yalifanyika maonyesho yaliyolijibu swali hilo kama lilivyo. Zilitundikwa nguo zilizofanana na walizovaa watu waliobakwa, kila moja na maelezo ya mwenyewe. Zilikuwa jinzi, fulana, sare, nguo za kawaida kabisa. Anayetaka kuona kosa kwenye nguo zile alitafute mwenyewe.

Anayehukumu huitazama nguo ikiwa mwilini mwa mtu, kutoka mbali, na amekwisha kuamua. Kusoma ninakokuhimiza kunahitaji ruhusa ya mwenye nguo, na maswali mengi kuliko majibu. Mara nyingine jibu litakuwa "niliivaa kwa sababu ilikuwa kavu". Likubali.

Sasa kazi. Mlioleta nguo, waandaaji wamekubali kwamba kabla ya kuzirudisha nyumbani kila moja itiwe maelezo. Msiandike kwenye kitambaa chenyewe, na msibandike gundi wala utepe wa plastiki. Andikeni kwa penseli kwenye karatasi, kisha jina na mwaka vitiwe kwenye utepe mweupe wa pamba, ushonwe kwa ndani kwenye mshono, nyuzi chache tu zinazofumulika bila kuumiza nguo. Katika karatasi mniandikie nani aliivaa, lakini pia aliivaa akifanya nini, nani aliishona, iliachiwa lini na kwa sababu gani, doa la nini. Kama hujui, andika jina la shangazi anayejua, umpigie simu leo maana shangazi hazeeki kurudi nyuma. Nyumbani msitundike gauni zito kwenye henga ya waya, mabega yatachanika. Lilazeni, mlifunge kwa shuka safi ya pamba, mbali na jua, wala si kwenye mfuko wa nailoni unaofungia unyevu.

Na wale ambao hamkuleta kitu kwa kuona nguo zenu si za maonyesho, nendeni mkailete ile ya nyuma ya mlango. Ile ya kazi. Waandaaji wameniahidi kabati moja litaachwa wazi mpaka Jumamosi.

Meza yangu iko pale kushoto. Tepe zimekatwa, sindano zimeshatungwa uzi. Asiyejua kushona apange foleni, nitamshonea.